Laptopu ya Laki Tisa

Laptopu aliyoinunua haikuwa feki. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapowasimulia watu kisa hiki, wengi hudhani wanaujua mwisho wake: kijana wa mkoani kaingia Kariakoo, kapigwa, kauziwa boksi lenye kipande cha sabuni. Sivyo. Muuzaji alimweleza kweli tupu, mashine ikawaka mbele yake, risiti ikatolewa. Kwa kazi nyingi za watu mashine ile ingefaa kabisa. Karani angeifurahia, na mwalimu wa sekondari angetungia mitihani yake miaka mitano bila usumbufu. Ila aliyeinunua alikuwa anakwenda kusomea usanifu majengo.

Kijana mwenyewe ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina lake wala chuo chake. Nilimfahamu alipokuja ofisini kwetu, Dar es Salaam, kufanya mafunzo kwa vitendo, akiwa ameshayapitia yote nitakayoyaeleza. Ni mchoraji hasa. Mkono wake una utulivu ambao haufundishwi, na macho yake yanaona vipimo kabla hajashika rula. Nataka jambo hilo likumbukwe, maana yaliyompata hayakutokana na uvivu wala kukosa kipaji.

Kwao ni Kyela. Mama yake analima mpunga na ana miti michache ya kakao. Chuo kilipomchagua, mama aliuza magunia aliyokuwa ameyaweka akingoja bei ipande. "Mwanangu, kanunue chombo kizuri, usije ukaaibika mbele ya wenzako," alimwambia. Zikapatikana laki tisa. Katika nyumba ile, fedha ya namna hiyo hutoka mara moja, na ikishatoka watu hufunga mkanda hadi mavuno mengine.

Alipofika Dar alilala kwa mjomba wake, na kesho yake wakaenda Kariakoo, mjomba na mpwa. Hawakumaliza hata hatua kumi ndani ya mtaa wa simu na kompyuta kabla winga, yule dalali wa madukani, hajawadaka.

"Shikamoo mzee. Karibuni sana. Simu au laptopu?"

"Marahaba. Laptopu, ya huyu kijana. Anaingia chuo kikuu."

"Chuo! Mdogo wangu, nina chuma hapa, mzigo wa Ulaya. Core i7, diski TB moja, RAM nane. Nyembamba, nyepesi, inakaa na chaji. Utamaliza nayo chuo na kazini utaanza nayo."

Ile "i7" ndiyo iliyomvuta. Tangu shuleni alikuwa akisikia kwamba i3 ni ya watoto, i5 ya watu wa kawaida, na i7 ndiyo ya wakubwa. TB moja nayo ilisikika kubwa. Mjomba, ambaye maisha yake yote amekuwa fundi wa magari, aliuliza swali moja tu la fundi: "Haisumbui?" Akajibiwa haisumbui, na kweli haikusumbua kwa muda mrefu.

Mezani palikuwa na laptopu nyingine: Dell Precision nyeusi, nene, chaja yake kubwa na nzito. Bei zao zilipishana kwa elfu hamsini. Kijana aliinyanyua, akaona uzito wake, akairudisha. "Hii ya zamani," alisema, na winga hakumpinga. Akazipiga picha zote mbili pamoja na vikaratasi vya sifa zake, akamtumia mama WhatsApp achague. Mama akajibu: "Chukua iliyo nzuri." Akachukua nyembamba.

Picha hizo bado anazo kwenye simu. Alinionyesha, na nilipovisoma vile vikaratasi viwili nilinyamaza kwa muda, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale.

Kikaratasi cha laptopu nyembamba kilisema i7-4600U. Intel walianza kuuza prosesa kwa jina la Core i7 mwaka 2008, na jina hilo limebandikwa kwenye vizazi vingi vya prosesa tangu hapo. Katika namba hii, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi: prosesa hii ilikuwa ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013. Herufi U mwishoni maana yake ni prosesa ya kutumia umeme kidogo, iliyotengenezwa kwa laptopu nyembamba zinazotakiwa zikae na chaji. Ndani yake mna viini viwili tu vya kupigia hesabu. Kwa kulinganisha, i5-12500H ya mwaka 2022 ina viini 12. Kwa hiyo mtu mwenye i5 anaweza kumwacha mbali mwenye i7, na mwenye kununua kwa kusoma stika tu hatalijua hilo.

Kikaratasi cha ile nyeusi kilitaja prosesa ya viini vinne, yenye herufi HQ mwishoni, na kadi ya grafiki ya NVIDIA Quadro yenye kumbukumbu yake peke yake. Uzito alioukataa ulikuwa uzito wa kadi hiyo, wa feni zake na wa mabomba ya shaba yanayotoa joto.

Mwaka wa kwanza laptopu nyembamba ilimpa raha. Hapa wazazi wanisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili peke yake lingeweza kuokoa zile laki tisa. Katika shule nyingi za usanifu majengo za Afrika Mashariki, mwaka wa kwanza ni wa mkono: ubao wa kuchorea, rula ya T, penseli, kalamu za wino, karatasi za kupitishia michoro. Mwanafunzi anafundishwa kuona na kupima kabla ya kubonyeza. Kompyuta inatumika kuandika insha, kuandaa slaidi na kusoma vitabu, na kwa kazi hizo laptopu yake iliwaka haraka na kuzima haraka. Alimpigia mama kumshukuru. Mwaka mzima ukapita akiwa na mashine ambayo hakuwa anaihitaji bado, huku muda wa kuuliza waliomtangulia wanatumia nini ukiyeyuka.

Mwaka wa pili zikaja programu za kuchorea, AutoCAD na SketchUp. AutoCAD ya mistari mitupu haikuleta shida. Programu hiyo ilitoka mwaka 1982, enzi za kompyuta dhaifu kuliko simu zetu za leo. SketchUp nayo ilikwenda vizuri mpaka alipoanza kupamba jengo kwa miti, watu na magari ya kupakua mtandaoni. Mti mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa na maelfu ya nyuso, na kila ukiizungusha picha, mashine inachora nyuso zote upya. Laptopu ikaanza kukwamakwama. Yeye akadhani ni virusi, akamlipa fundi aipige Windows upya. Hakuna kilichobadilika.

Mwaka wa tatu ukaja na Revit. Kwenye AutoCAD ya kawaida, ukuta ni mistari miwili; mchoraji anajua ni ukuta, kompyuta haijui. Kwenye Revit ukuta ni ukuta. Una unene, kimo, tofali, plasta, na una habari ya kila dirisha lililoutoboa. Ukilisogeza dirisha kwenye ramani, linasogea lenyewe kwenye sura ya mbele ya jengo, kwenye mkato na kwenye jedwali la madirisha. Ndiyo maana ofisi nyingi zinaitaka. Lakini kila unaposogeza kitu kimoja, mashine inakokotoa upya vitu vyote vinavyohusiana nacho, na inavishika vyote kwa pamoja kwenye RAM.

Kazi ya studio ilikuwa kituo cha afya cha kata. Alikichora kwa mabanda marefu membamba yenye upepo wa kupita, yameunganishwa kwa varanda zenye kivuli, na wodi ya wazazi imekaa mbali na kelele za barabara. Mpango ule nimeuona kwenye michoro yake ya mkono na nasema wazi kuwa ulikuwa bora. Kadiri alivyoujenga ndani ya Revit, faili lilikua. Watumiaji wa Revit wana kanuni ya makadirio: kwa kila MB 1 ya faili, hesabu MB 20 za RAM likiwa wazi. Faili lake lilipofika MB 250, lilikuwa linadai GB 5. Windows, kivinjari na PDF alizofungua zilikuwa zimeshachukua fungu lao. GB 8 zikaisha.

RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia mambo kwenye diski na kuyarudisha, kama mchoraji ambaye meza yake imejaa, na kila karatasi anayoitaka inabidi kwanza apeleke nyingine kabatini chumba cha pili. Kabati la kijana huyu lilikuwa la polepole mno. Ile TB moja aliyoisifu winga ilikuwa diski ya sahani inayozunguka, siyo SSD, ile ya chipu isiyo na kinachozunguka. Akibonyeza kitu, skrini inafifia na kugoma, anakaa akiitazama. Kufungua faili kulichukua dakika ishirini. Akaacha kulifunga kabisa, na huo ukawa mwanzo wa hatari kubwa zaidi.

Zikabaki picha za kuonyesha jengo litakavyokuwa. Wenzake walitumia Lumion na Enscape, programu zinazochora picha kwa nguvu ya kadi ya grafiki. Mashine yake haikuwa na kadi hiyo. Ilikuwa na grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, inayoazima RAM ileile iliyokwisha. Programu hizo hazikumfaa hata kidogo. Akakimbilia V-Ray, inayoweza kurenda, yaani kuzichora picha hizo, kwa prosesa peke yake. Kwa viini viwili, picha moja ilichukua usiku kucha. Ili mashine isilale, aliiseti iendelee kufanya kazi hata kifuniko kikifungwa.

Siku tatu kabla ya kuwasilisha, saa tatu usiku, aliiacha ikirenda picha ya varanda kuu. Saa saba umeme ukakatika. Betri iliyosifiwa kwa kukaa na chaji ilikuwa inakaa mtu akiandika barua. Prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote haikumaliza saa moja. Alfajiri picha haikuwapo.

Akaamua kwenda kwa rafiki yake mwenye mashine ya nguvu, hosteli ya mbali. Umeme ulikuwa umerudi, amefungua Revit upya, na hakutaka kupoteza dakika nyingine ishirini kulifungua faili akifika. Akashusha kifuniko, akaitia laptopu begini ikiwa inaendelea kufanya kazi, akapanda daladala. Alisimama njia nzima, begi mgongoni, barabara ya mashimo. Ndani ya begi, sahani ya diski ilikuwa ikizunguka na kichwa cha kusomea kikiwa juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Alipofika na kufungua, alisikia mlio wa tiki, tiki, tiki. Windows haikurudi tena.

Nakala zake zilikuwa wapi? Revit hujiwekea nakala zenye namba kila unaposevu, lakini huziweka kwenye folda ileile, diski ileile. Kwenye flashi alikuwa na faili la wiki tatu nyuma, kabla hajahamisha wodi. Mafundi wawili walijaribu, wote wakasema kichwa kimegusa sahani.

Usiku uliobaki alichora kwa mkono. Alipata karatasi mbili za A1, ramani moja na mtazamo mmoja, nzuri zote mbili. Zilizotakiwa zilikuwa nane.

"Jengo lako liko wapi?" mwalimu wa studio aliuliza.

"Lilikuwamo kwenye kompyuta, mwalimu."

"Kijana, mimi nasahihisha kilichopo ukutani."

Mwalimu yule hakuwa mkatili. Hiyo ndiyo hali ya kazi yenyewe, na mteja naye atasema hivyohivyo. Kijana aliambiwa arudie studio mwaka unaofuata. Alimpigia mama akamweleza yote. Mama hakumgombeza. Alikaa kimya, kisha akauliza: "Ile nyeusi uliyonitumia picha, ilikuwa na kasoro gani?"

Wengi wanaosikia kisa hiki humlaumu winga. Sikubaliani nao. Winga aliambiwa kijana anaingia chuo, akampa laptopu ya chuo. Watu watatu walisimama pale mezani na hakuna aliyetamka neno "majengo". Lau mjomba angesema, "Huyu atachora majengo kwa Revit na kuzirenda picha zake," hata winga mwenye tamaa angepata shida kumwuzia mashine isiyo na kadi ya grafiki, na winga mwaminifu angemrudishia ile nyeusi mkononi. Mashine haina ubaya wala uzuri mpaka umeshajua itabebeshwa nini.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kuuliza bei, uliza idara ya usanifu ya chuo husika: studio za mwaka wa pili, wa tatu na wa nne zinatumia programu zipi? Majibu hayafanani. Kuna shule za Revit, kuna za Archicad, na nyingine zinachanganya SketchUp na Rhino. Swali hili linaamua mengi, hata suala la Mac linalowatoa watu jasho. Archicad ilitengenezwa Hungaria na kampuni ya Graphisoft, na toleo lake la kwanza, mwaka 1984, lilikuwa la kompyuta za Apple; mpaka leo inakwenda vizuri kwenye Mac, sawa na SketchUp na Rhino. Revit haina toleo la Mac. Zamani mtu aliweza kuipandisha Windows kwenye Mac ya Intel, lakini Mac zenye prosesa za Apple wenyewe, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, hazina njia hiyo. Katika darasa la kijana wetu alikuwapo binti aliyenunuliwa MacBook na dada yake wa Uingereza, mashine ya bei kubwa kuliko zote darasani, na kila studio ya Revit alikuwa akiomba kukaa kwenye kompyuta za maabara usiku, wenzake wakishalala. Tahadhari hiyohiyo iende kwa laptopu mpya za Windows zenye prosesa za Snapdragon: ni nyepesi, zinakaa na chaji kweli, lakini Revit haijatengenezewa prosesa za aina hiyo.

Ukishajua programu, vipimo vinajitokeza vyenyewe. Kwa mwanafunzi wa Revit na kurenda, RAM isiwe chini ya GB 16, na iwepo nafasi ya kuongezea nyingine, kwa sababu laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na haiongezeki kamwe. Ukiweza 32, usisite. Diski iwe SSD; GB 512 za SSD zinafaa kuliko TB moja ya sahani. Kadi ya grafiki iwe ya kujitegemea, yenye kumbukumbu yake ya GB 4 kwa uchache, na 6 au 8 ukitaka Lumion ikuheshimu. Prosesa ya Intel iishie na H, ya AMD na H au HS, na katika mtumba tafuta Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Chini ya hapo Windows 11 haikubali rasmi, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Skrini iwe ya inchi 15 au 16, na ionyeshe nukta 1920 kwa 1080 au zaidi. Uzito utakuwepo. Mwanafunzi abebe.

Fedha ikipungua, punguza wembamba, punguza upya, punguza hata ubora wa kioo, lakini kadi na RAM usiziguse. Laptopu za kazi nzito zilizotumika, za aina ya Dell Precision, HP ZBook na Lenovo ThinkPad za mfululizo wa P, huja sokoni baada ya makampuni ya nje kuzibadilisha, na mara nyingi zinapuuzwa mezani kwa sababu ya sura zao. Laptopu za michezo ya video nazo zinafaa, ingawa taa zake zinawatia wazazi wasiwasi.

Sasa dukani. Nenda na flashi yenye faili zito la mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne, omba, watakupa. Muuzaji akikataa kukuruhusu kujaribu, ondoka, maduka ni mengi. Kabla ya chochote bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji. Pale utaona jina kamili la prosesa, RAM ni kiasi gani na imekaa kwenye nafasi ngapi kati ya ngapi, diski ni SSD au HDD (ya sahani), na kama kuna kadi ya pili ya grafiki, ina kumbukumbu kiasi gani. Stika haiwezi kubishana na ukurasa ule. Kisha fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na upi. Kama duka lina programu inayofungua faili lako, lifungue, lizungushe, na uiache mashine ifanye kazi nusu saa ukiwa umekaa hapohapo. Weka mkono karibu na matundu ya hewa. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na mashine iliyokwenda kasi dakika tano za kwanza itazubaa baadaye. Chomoa chaja uone inavyobadilika: kadi za grafiki hupunguza nguvu zikitumia betri, kwa hiyo kazi nzito zote hupangwa kwenye umeme. Dai risiti ya EFD, ile ya kodi, yenye namba ya laptopu.

Programu zenyewe usizinunue kwa fundi wa mtaani anayezivunja kufuli. Autodesk huwapa wanafunzi AutoCAD na Revit bure kwa mwaka mmoja mmoja, wakithibitisha usajili wao wa chuo. Blender ni bure kwa kila mtu. Rhino inajaribiwa kikamilifu kwa siku 90. Mashine nyingi za wanafunzi nilizoziona zikifa ghafla zilikuwa na programu zilizovunjwa, na pamoja nazo wageni wasioalikwa.

Na katika bajeti, toa kwanza fedha ya diski ya nje kabla hujahesabu ya laptopu. Faili la studio liwe mahali patatu: kwenye mashine, kwenye diski inayokaa chumbani, na mtandaoni. Kila jioni, siyo kila wiki. Laptopu ikihamishwa, izimwe kabisa.

Kijana alipokuja ofisini kwetu alikuwa na mashine nyingine, ThinkPad P ya mtumba, nzito, pembe zake zimekwaruzika. Alikuwa ameinunua kwa fedha za vibarua vya kuchorea watu ramani za nyumba pamoja na mavuno mengine ya mama, na safari hii alikwenda dukani na flashi. Kituo chake cha afya alikichora upya chote wakati anarudia studio, na alifaulu vizuri. Aliwaona wenzake wakihitimu mwaka mmoja mbele yake.

Neno langu la mwisho naliomba lifike kwa wakuu wa idara za usanifu majengo. Katika maelekezo ya kujiunga mnaandika idadi ya mashuka, ada ya bima na rangi ya sare za karakana. Ongezeni mistari minne: programu zitakazotumika, mwaka zitakapoanza kutumika, vipimo vya chini vya kompyuta, na kauli kwamba mwaka wa kwanza mzazi asinunue. Barua ya maelekezo hayo ndiyo karatasi ya kwanza inayofika Kyela, na inafika kabla magunia hayajauzwa.